Sakafu ya Ghala la Asali

Ndoo tatu za rangi zimesimama mlangoni tangu Jumatatu,
vifuniko havijaguswa,
na Mzee Kapela anazizunguka
kama mtu aliyenunua ng'ombe akakatazwa kumkamua.
"Wakaguzi wanakuja Alhamisi, Kalunde.
Kupaka si ni siku moja?"
Ni siku moja.
Ndiyo maana sijaanza.

Misimu kumi na minne ghala hili la Isevya
limepokea asali ya Sikonge: madumu, ndoo, masega,
na nta iliyodondoka ikakanyagwa, ikakanyagwa tena,
mpaka zege likajifunza kukataa maji.
Njoo uone, nikamwambia.
Nikachovya kidole, nikadondosha tone.
Tone likakaa juu, duara, limejikunyata,
likatutazama kama jicho la kuku.
"Maji yakigoma kuingia, rangi itapitia wapi?"
Hakujibu.
Nyuki mmoja aliyepotea njia
akatua kando ya tone, akanywa.

Tukaanza na chepeo na magoti.
Nta ilijikunja mbele ya chuma kama maranda ya mninga.
Kisha maji ya moto, sabuni ya unga, brashi ngumu.
"Fundi, hapa pamesafika," akasema Nyanzala.
Dondosha tone.
Likakaa.
"Na hapa?"
Dondosha.
Mara ya nne hakuuliza tena;
alidondosha mwenyewe, akatazama,
akairudia ndoo bila neno.
Hapo nikajua kwamba binti huyu atakuwa fundi.

Jumanne, madirisha wazi, glovu, buti, pua zimefungwa:
asidi ndani ya maji,
kamwe si maji ndani ya asidi,
nilimrudishia hilo kama mama anavyorudia jina la mtoto gizani.
Zege likafoka povu jeupe.
Usiogope, nikasema, unaoungua ni utandu,
ule uji mwepesi uliopanda juu siku ya kumwaga
ukakauka, ukajifanya sakafu.
Tukasuuza. Tukapoza ukali kwa maji ya magadi.
Tukasuuza tena, mpaka mifereji ikachoka.

Kwenye kona palikuwa na ufa, mwembamba kama unywele.
Wahenga walituusia tuuzibe;
hawakututajia kwamba kwanza ni kuupanua,
kuupigia patasi mpaka utapike vumbi lake lote la zamani.
Mzee Kapela aliposikia patasi alikuja mbio.
"Unanivunjia!"
Ndiyo, nikasema. Kidogo.

Jioni nikabandika kipande cha nailoni sakafuni,
gundi pande zote nne, nikakiacha kilale.

Kaburi la baba yangu liko Ndevelwa.
Nililipaka siku ya tatu baada ya kumwaga zege,
kwa sababu ndugu wa Nzega walikuwa wanaondoka
na walitaka picha.
Picha ipo.
Rangi ilivimba kwa mvua za kwanza, malengelenge matupu,
na mama akalibandua moja kwa ukucha,
akalitazama pande zote mbili kama noti ya mashaka.
"Hukulisubiri likauke," akasema.
Nilikuwa tayari na fundisho la ufundi la miaka sita.
Sijawahi kupata jibu.

Jumatano alfajiri nikamwita Mzee Kapela, tukachuchumaa.
Chini ya nailoni, matone: madogo, mengi,
kama jasho juu ya mdomo wa mtu aliyelala.
Akayagusa kwa juu. Akapumua.
Akasimama dirishani na simu kwa muda mrefu,
nikasikia "wiki ijayo," nikasikia "hapana, fundi amekataa,"
na sauti yake, sijui, ilikuwa na namna ya majivuno.

Nyanzala alikuwa anazunguka na kikombe.
Tone: likazama, likaacha doa jeusi la ukubwa wa sarafu.
Tone: likazama.
Kwenye kona, kando ya ufa: likazama.

Mzee akazisogeza ndoo kivulini, moja moja,
akaja kuturudishia patasi.
Mlangoni akasita,
akavua viatu.