Hesabu ya Torleif

Torleif amekunjua ramani juu ya meza ya jikoni,
pembe zake amezibana kwa kopo la kahawa, kwa miwani,
kwa kibao cha jibini, kwa kiganja changu.
"Siku mbili," anasema. "Tukikawia sana, mbili na nusu."

Ndiye ajuaye. Miaka ishirini na sita
ameiendesha barabara hii, Steinkjer hadi Bodø,
akipanda na makasha matupu, akishuka na samoni,
na samoni, asema, hamngoji mtu.
Anaijua kwa dakika:
hapa arobaini, hapa saa na robo,
vivuko sita, na ukikosa kimoja
utakaa foleni uhesabu vidole vya miguu.
Kalamu yake inaruka kutoka gati hadi gati
kana kwamba baina yake hapana kitu.

Mimi nilibaki nikishona mapazia ya watu.
Barabara hiyo naijua kwa risiti
nilizozitoa mifukoni kabla ya kufua:
kahawa, soseji, kahawa, dizeli,
tiketi ya Forvik iliyolowa ikawa uji.

"Torghatten," namwuliza, "mlima wenye tundu,
ambao mtu huupita tumboni akatokea upande wa pili,
ndani ukoje?"
Anakuna kidevu. "Uko kushoto."
"Nimeuliza ndani."
"Uko nje ya njia. Na lori hulipati pa kuligeuzia."

"Na barafu ya Svartisen?"
"Ng'ambo ya maji. Kuna boti. Bei sijui."

"Na ile milima waiitayo Madada Saba,
ni saba kweli?"
Kimya.
"Huwa na mawingu," anasema mume wangu,
mtu ajuaye idadi ya misumari ya banda letu.

Basi nachukua penseli.
Naandika: siku kumi na nne.
Anacheka hadi kahawa inampalia.
Nusu mwezi! Kwa kilomita mia sita na ushei!
Konokono angefika, akarudi, akatusimulia.

Simjibu. Naandika:
siku ya kupanda mlima, siku ya magoti kuuma,
siku ya mvua (usinidanganye, nimefua koti lako kila Juni),
siku ya kukosa kivuko kwa makusudi
tukae gatini na mkate na jibini la kahawia
tukiwatazama waliowahi wakienda zao.
"Na huko juu," nasema, "ukishavuka mstari wa Aktiki,
jua halichwi. Sasa niambie, bwana wa hesabu:
lisipokuchwa jua, hakuna kucha.
Pasipo kucha, siku ya pili utaianzia wapi?"

Kalamu yake imesimama majini.
Nje, jirani anavuta mashine ya majani, haiwaki, anaivuta tena.

"Jektvik," anasema hatimaye.
"Kivuko kiliharibika. Saa nne nzima.
Niliketi juu ya bampa, sina la kufanya.
Kulikuwa na mwanamke anaanika shuka,
saa sita za usiku, Gudveig, na jua limemkaa mgongoni.
Anaanika taratibu, anakung'uta, anabana.
Nikakuwaza wewe na mapazia yako.
Nilitaka kukwambia."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilifika nimechelewa. Nikalala."

Mwaka gani, hakumbuki. Anakumbuka
kwamba samoni walikataliwa kiwandani.

Nafuta kumi na nne, anafuta mbili,
karatasi inatoboka tulipofutia.
Tumeafikiana tisa;
kumi, kama kamba ile bado ipo.
Anarudi kwenye ratiba za vivuko, midomo ikimchezacheza,
hajaacha, hataacha kuhesabu,
kisha anainua kichwa na kuniuliza,
kwa sauti ya mgeni anayebisha hodi,
mtu akitaka kupita ndani ya mlima
huvaa viatu gani.