Bano Lenye Kiuno

Nasimiyu hulifungua palepale,
mwisho wa mstari, kabla pumzi haijakatika.
Mimi hulishusha chini, likae peke yake
kama mgeni aliyepewa kiti.

Miezi minane, ghorofa ya tatu, Barabara ya Ngong,
tumegombana kwa heshima:
asubuhi anapandisha, jioni nateremsha,
na programu ya mikopo ya wauza sukuma wiki
inakokotoa riba vilevile,
haijui, haijali.

"Unapoteza mistari," aliniambia.
"Nawe unaninyima hewa."
Toroitich, anayetulipa, akauliza
kama mabano yanaongeza mshahara.
Tukanyamaza. Kisha tukaanza upya:
ujongezo ni nafasi mbili au nne?

Aprili, mkesha wa kukabidhi kazi, stima zikapotea.
Kompyuta yake pekee ndiyo iliyokuwa na chaji.
Tukakaa bega kwa bega,
yeye akisoma makosa, mimi nikichapa,
mvua ikitwanga mabati ya gereji ya jirani
hata tukawa tunasemezana kwa kupiga kelele.
Saa tisa usiku hesabu ikakubali.

Kulipokucha nikaipitia kazi yangu.
Mabano yote yako juu, mwisho wa mistari.
Vidole vyangu vilikuwa vimeshika lafudhi yake
bila kuniomba ruhusa.

Nikasogeza mshale niyashushe yote.
Nikashusha moja tu, lile la riba,
ajue nami nilikuwepo.

Hajaligusa mpaka leo.

Nafasi, lakini, ni nne.