Lifti Inayokula Sarafu

Saa nane za usiku, Gldani,
mtaa ambao jina lake lenyewe limebanana,
konsonanti tatu mlangoni zinasukumana
kama sisi asubuhi ndani ya lifti.

Meza ya kulia ndiyo karakana yangu.
Mama keshazoea: hupakua maharage juu ya ramani,
akiuliza tu ukumbi wa kusomea uko upande gani
asije akaumwagia mchuzi.

Gundi imekauka vidoleni, ngozi juu ya ngozi,
hata simu imenikana.
Nabonyeza. Hainijui.
Nambandua yule wa gundi, ndipo inanifungulia mimi.

Bado miti.
Dukani mitano ni bei ya chakula cha siku mbili,
lakini kuna bibi wa Tasmania, nimemkuta mtandaoni,
anayeotesha msitu kwa mabua ya magugu,
dawa ya nywele, na subira.
Video yake imetazamwa mara kumi na moja.
Nne ni zangu.
Basi msitu wangu nimeuchuma kando ya reli,
umesimama kwenye kopo la mtindi, unakauka.

Kazi ikinigomea, nazurura.
Nimemwona mtu aliyepima vibanda vyote vya basi
wilayani kwao, kwa mwavuli:
*kibanda hiki, miavuli miwili na mpini.*
Nimemwona mwingine, mkusanyaji wa milango ya ghorofani
isiyo na ngazi wala roshani,
kila mmoja kaupa jina la shangazi yake.
Profesa Nodar husema: Tekle, macho yako yana kiherehere.
Najibu kimoyomoyo:
yaliyotulia yamejenga nini?

Ndipo leo, katika ghala la picha za lifti za ajabu
(mwenyewe ni mhasibu wa Montevideo,
anaishi, asema, nyumba ya chini maisha yake yote),
baada ya lifti ya farasi, baada ya lifti yenye kochi,
picha ya tisini na sita:
*Hula sarafu. Mahali hapajulikani.*

Kisanduku cha chuma ubavuni. Taa ya manjano.
Na mlangoni mkwaruzo, duara lenye kishikio,
herufi ya kwanza ya jina langu,
niliyoichora kwa ufunguo nikiwa na miaka saba
nikala kofi moja, la haki.

Hapajulikani!
Nimeipigia magoti hiyo, nikitafuta sarafu iliyodondoka.
Nimeitukana ilipokwama kati ya sita na saba.
Juu ya kisanduku chake Lamzira wa ghorofa ya tisa
huacha sarafu ya ziada kila akipita,
kwa asiye nayo,
wala haulizi aliichukua nani.

Nikaitazama maktaba yangu ya kadibodi.
Ina vioo, ina mwanga wa kaskazini,
ina ngazi pana za kujishaua.
Haina hata mahali pamoja
pa mtu kumwachia mwenzake kitu kidogo.

Nikashuka na utepe wa kupimia, kandambili miguuni.
Upana, sentimita themanini na tisa.
Kisanduku, usawa wa kifua changu.
Lamzira akanikuta, katoka zamu ya usiku hospitalini,
mfuko wa vitunguu mkononi.
"Unaipima ya nini? Unaishonea koti?"
Nikasema ndiyo.
Akashika ncha ya utepe, bila swali la pili.

Sasa pembeni mwa mlango wa maktaba kuna rafu,
ndogo kuliko ukucha, imekaa upande kidogo.
Kesho Nodar ataiinamia na miwani yake.
Sijui nitamwambia nini.
Na mhasibu wa Montevideo sijamwandikia;
anwani ninayo hapa, nimeandika "Bwana," nikafuta.

Sarafu ya kupandia kesho
nimeilaza juu ya paa la kadibodi,
inakandamiza gundi mpaka ishike.