Kicheko cha Kiborloni

Hukuanza na kamera, Aikande.
Ulianza na stakabadhi za kahawa za baba yako,
upande wa nyuma, kwa kalamu inayovuja:
Mweka hazina anaingia. Daftari halipo. Mbuzi yupo.
Basi. Nikacheka mpaka nikapaliwa na chai,
nawe ukanikazia macho
kama fundi anayesoma pima maji.
"Umecheka wapi? Kwenye daftari, au kwenye mbuzi?"
Kwenye mbuzi.
Daftari ukaliweka akiba, sehemu ya pili.

Watu hudhani mwandishi wa vichekesho huamka anacheka.
Wangekuja Njoro saa kumi za usiku,
chumba cha kupanga juu ya duka la pembejeo,
wakukute umejifunga kitenge, umenuna,
unamtoa mhusika mwenye maneno mengi
kama mpangaji asiyelipa kodi.
Na yule Elirehema, aliyependa kuanguka ili achekwe:
"Akianguka tena bila sababu, mkate posho."
Alianguka. Tukamkata.

Kituo kule Dar kikasema: leteni na vicheko,
kipindi bila vicheko ni taarifa ya habari.
Vya kununua vilikuwepo, vya ng'ambo,
vinalipuka pamoja, vinakoma pamoja,
kama wanafunzi waliopigiwa kengele.
Ukasema: hawa hawajawahi kuchangia msiba.
Hawamjui mweka hazina.

Tukabeba kinasa sauti hadi sokoni Kiborloni,
siku ya mitumba, saa nne, mlima umejifunika.
Ukapanda juu ya robota, ukawasomea.
Mimi na vipokea sauti masikioni, natafuta.
Kelele, bei, kelele, mtoto analia,
halafu yeye.
Mama Ndekusura, muuza makoti.
Kicheko kinachoanza kwa kikohozi,
kinapanda kama lori la mchanga njia ya Kibosho,
kinazima. Unadhani kimekwisha.
Kisha kinawaka upya, peke yake,
wenzake walishanyamaza zamani.
Ulimlipa elfu mbili na soda.
Akauliza: elfu mbili ni ya kicheko, na ya mbavu je?
Ukaiandika palepale, kwenye kiganja.
Ikarushwa sehemu ya tisa.

Yakaja mengine. Alhamisi saa tatu, nchi nzima.
Mdhamini wa sabuni, aliyetaka mweka hazina aoge kila wiki.
Tuzo ya kioo, ambayo mama yako
huichomekea mshumaa umeme ukikatika.
Barua ya kamati moja ya mazishi, mihuri miwili,
wakilalamika kwamba umewasema.
Ulijibu kwa mstari mmoja:
Nimewasema. Daftari limepatikana?

Miaka kumi na minane tulimtumia mama yule.
Alicheka alipokuwa Moshi, alicheka alipohamia kwa mwanawe Rau,
alicheka hata mwaka ule koo lilipomkataa
na Mawenzi wakamrudisha nyumbani na bahasha ya picha.
Alicheka kwa mweka hazina wa pili, na wa tatu,
ambao hakuwahi kuwaona.

Tulimzika Alhamisi ya Aprili, matope hadi kwenye vifundo.
Usiku tukabaki uani na wafiwa.
Televisheni ndani ilikuwa inawaka, mtu alisahau kuizima,
na aliyeinuka kuizima hakufika.
Kikohozi.
Lori likapanda.
Binti yake, ameshika sufuria la wali,
hakusema kitu, alisimama tu,
na kicheko kilipozima
tulingoja, uwanja mzima,
vikombe hewani,
kiwake.

Kikawaka.
Mtu akaanza kumfuata, kisha wa pili, kisha shemeji zake wote,
na mchungaji akatazama viatu vyake, mabega yakimtikisika.

Wewe hukucheka. Ulikuwa gizani kando ya migomba,
kitenge kimelowa,
ukaninong'oneza kwa sauti iliyopasuka:
"Amecheka wapi?"

Kwenye mbuzi, Aikande.
Bado ni kwenye mbuzi.