Kofia ya Bwana Lali

Kofia yako haijaisha, Bwana Lali.
Najua Maulidi yamebaki siku tisa,
najua ulilipa nusu.
Kaa hapo barazani nikueleze.
Si udhuru, ni habari.

Upande huu vitobo vimelala sawa kama punje za mtama.
Hapa, tazama, uzi umeruka.
Hapa ndipo iliponikamata Jumanne,
sindano mkononi, adhana ya alasiri haijakoma.
Mkono ukaanza kupiga peke yake,
kisha bega, kisha miguu ikagonga sakafu
kama mtu anayebisha nyumba isiyo yake.
Nilisikia yote. Nilimsikia Barke akiniita,
nikasikia maziwa yakifurika jikoni,
nisiweze kusema hata "zima moto".

Miaka minne niliitwa mwenye kifafa.
Nikameza vya asubuhi, nikameza vya usiku,
nikanenepa, nikasahau majina ya watoto wa jirani,
na kuanguka nikaanguka.
Shangazi akaleta kombe, nikanywa zafarani na aya zake.
Mwingine akafukiza ubani, akamuuliza pepo jina.
Pepo hakujibu.

Nawe ulisema neno, pale dukani kwa Shekuwe:
"Yule anajitia."
Maneno yana miguu, Bwana Lali.
Yalinifikia kabla ya magharibi.

Nikapelekwa Mombasa.
Daktari kijana, Mwachiti, akanivisha kofia.
Cheka, nami nilicheka:
mshona kofia tangu miaka kumi na mmoja
navishwa kofia ya nyaya,
vifungo ishirini na kimoja (nilivihesabu, ndiyo kazi yangu),
gundi baridi hadi kwenye mizizi ya nywele,
na upindo wake, aibu tupu.
Nikaanguka mbele ya kamera.
Mashine ikachora mistari yake, imetulia.
"Dhoruba ya kifafa haipo," akasema.
Nikalia. Nilidhani ananiambia neno lako.

Akavuta kiti.
"Sikusema huumwi. Ubongo ni vyumba, na kati ya vyumba kuna njia.
Wapo waliowapima wenye hali kama yako,
wakaona chumba cha hofu kimefungamana mno na cha mikono na miguu,
na kile kinachosema *hili nalifanya mimi*
hupata habari kwa njia nyembamba.
Hatujajua yote. Wala kichwa cha huyu si cha yule."

"Mwanangu," nikamwambia, "unaeleza kofia."
Nikamchorea nyuma ya karatasi ya dawa
kitobo na kitobo, na uzi kati yake:
ukivutwa sana hapa, pale panalegea,
ua la katikati linajikunja, halionekani.
Kitambaa kizima, sindano nzima,
hakuna aliyedanganya,
ila kofia inakaa upande.

Akauliza uzi ulivutwa lini.
Hapo nitaruka, Bwana Lali.
Kuna mwaka, kuna mlango mmoja Langoni,
na hilo silishoni kwenye kofia ya mtu.
Yeye nilimwambia. Akasema wengine
hawana mlango wowote, na huanguka vilevile.

Sasa najifunza.
Ikikaribia, sauti za watu huenda mbali,
kama wanasema kutoka ndani ya mtungi.
Nashika kikombe cha maji baridi,
nataja ninachokiona: kizingiti, paka, kanda ya Barke.
Mara nyingine hupita.
Jumanne haikupita.

Nilitaka kupafumua pale uziliporuka.
Barke kasema paache.
Mimi sina la kusema, kichwa ni chako.
Amua, kisha njoo Alhamisi,
na ile nusu nyingine uje nayo.