Chumba cha Nyuma, Nyalenda

Vua viatu, kijana, sakafu ina nyaya,
na usiguse swichi hiyo, huwa inauma.

Umesema unatafuta kitu cha kutundika ukutani,
hoteli mpya kule Milimani, karibu na kaunta,
wageni wapige picha.
Haya, tazama. Kutazama hakutozwi ushuru.

Hili jekundu, lililobabuka kifuani,
nililinunua kwa ndama mmoja na deni
ambalo Ragwar alizikwa akinidai.
Shingo yake imepinda kidogo kuelekea kushoto,
nami nimepinda nalo miaka thelathini na mmoja;
muulize fundi wangu wa nguo,
bega moja hulishona chini ya lingine.

Jeusi lile halina chapa.
Olang' alilichonga kwa mlango wa kanisa
lililobomolewa kupisha barabara.
Ukipiga noti ya chini kabisa
utasikia bawaba.

La tatu, uzi wake wa nne ni waya wa breki.
Tulikuwa Bondo, matanga yamefurika,
uzi ukakatika saa nane za usiku,
na mwenye baiskeli akakubali
kurudi kwao akiburuza miguu.
Sijamrudishia.
Kila nikipita Bondo natazama miteremko.

Na huyu ni Mama Mkubwa.
Amplifaya ya kilo arobaini na tisa, bila magurudumu,
valvu nne, moja imepofuka.
Spika yake ilipasuka, tukaiziba
kwa gundi na ukurasa wa gazeti,
ukurasa wa matangazo ya vifo,
kwa hiyo tukipiga, kuna watu humo ndani
wanaotikisika pamoja nasi.
Mwaka wa mafuriko, maji yalipoingia,
Mama Mkubwa alipanda kitandani na magitaa,
mimi na Akeyo tukasimama hadi alfajiri.
Aliniuliza mara moja tu, maji yakiwa magotini:
"Ningekuwa na plagi, ningepandishwa?"
Sikuwa na jibu. Hadi leo nalitafuta.

Unashangaa mbona hujawahi kunisikia.
Mpiga besi hasikiki, kijana. Hukosekana.
Mpiga solo hubandikwa noti kwenye paji la uso,
sisi tuko nyuma, ubavuni mwa jenereta,
tumeshikilia nyonga za watu wasiotujua.
Nikinyamaza, mwanamke katikati ya uwanja
husimama, akatazama miguu yake
kama mtoto aliyesahau alichotumwa dukani.
Hiyo ndiyo sifa yangu. Inatosha.
Siku nyingine haitoshi.

Sikio la kushoto limekwenda.
Daktari pale Russia aligonga chuma chenye meno mawili,
akakileta karibu, sikusikia kitu.
Akakikita kwenye mfupa nyuma ya sikio.
Nikamwambia: hiyo ni do,
na imeshuka kidogo, daktari, kaiangalieni.
Akaandika kitu kirefu kwenye faili.

Bei?

Ngoja, giza hilo.
Tokeni imeisha. Nilijua, ilikuwa imebaki yuniti moja,
nikasema labda mgeni hatakaa.
Usitoke, utajikwaa kwenye Mama Mkubwa.
Pasipokuwa na stima mimi hufanya hivi:
naegemeza kichwa cha gitaa kwenye kabati la nguo,
hivi, mbao kwa mbao,
kisha napiga polepole.
Kabati linapokea. Hanga zinaanza kugongana,
koti langu la bendi, gauni lake la buluu,
vitu ambavyo havijacheza tangu krismasi ya mwaka juzi.
Weka kiganja hapa.
Hapana, chini zaidi, karibu na kitasa.
Umeipata?

Huyo anayegonga ukuta ni Akeyo.
Anasema nipunguze sauti.