Rudia Polepole

Mara ya kwanza walinipa ubao na kalamu iliyokauka.
"Igeuze orodha hii, mwisho uwe mwanzo."
Niliandika kwa wino mweupe kama maji ya mchele,
nikakaza mkono, nikakaza macho,
hadi bwana wa tai nyekundu akauliza:
"Mbona huandiki?"

Mara ya pili, Mtumba, tulikuwa mia nne na kumi
kwa nafasi mbili.
Karatasi ilitaka tueleze kompyuta ni nini.
Jirani yangu Mbeleje, aliyejenga mfumo wa mnada
unaohesabu ng'ombe wa vijiji saba,
alicheka peke yake mpaka msimamizi akamhamisha kiti.

Mara ya tatu ndiyo ninayotaka kuisema.

Ghorofa ya tatu, njia ya kwenda Area D.
Vumbi la Septemba lilinitangulia kuingia;
nilisimama mlangoni kwa mguu mmoja kama korongo,
nikifuta viatu vya dada kwa soksi.
Bwana Mlowezi hakuuliza miaka mitano ijayo nitakuwa wapi.
Alinisogezea zabibu kwenye kisahani, akasema:
"Kazi ya majaribio tu. Siku tatu, kwako nyumbani.
Mfumo wa kulipia maji ya kisima."

Kwangu nyumbani ni chumba kimoja Nkuhungu,
na umeme huja kama mgeni mwenye madeni:
usiku, kimyakimya, na hakai.
Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa,
nikaandika, nikafuta, nikaandika.
Mama akapita na sufuria ya mlenda, akachungulia kioo.
"Mtu akikosea kubonyeza, mashine itamgombeza?"
Nikamwuliza, tumwambieje?
"Mwambie kama ninavyowaambia watoto wakisoma:
samahani ndugu yangu, rudia polepole."
Nikaiweka hivyo hivyo.

Nilituma saa kumi alfajiri, betri asilimia mbili.
Saa nne wakajibu: "Tumepokea. Tutakupigia."

Tutakupigia ni neno lenye miguu mifupi.
Lilianza safari Oktoba.
Mvua zikaja, zikaondoka, uwele ukabeba masuke,
lenyewe bado liko njiani.
Nikapiga mimi. Dada wa mapokezi akasema bosi yuko kikaoni.
Kikao hicho, naona, kimeshazaa wajukuu.

Jana nilitumwa kulipia maji.
Kisima cha mtaa wetu kina namba mpya, wiki mbili sasa,
unalipa kwa simu, hakuna foleni ya risiti.
Nikabonyeza. Kidole kikateleza.
Kioo kikafikiri kidogo, kikaniambia:
"Samahani ndugu yangu, rudia polepole."

Waliokuwa nyuma yangu na madumu yao
walidhani nimepata taarifa ya msiba.
Nikarudia. Polepole. Ikakubali.

Nilipomweleza mama, nilitegemea atukane.
Alinyamaza, akakaza kilemba.
"Kwa hiyo mimi ndiye ninayesema na mtaa mzima?"
Jioni alikwenda kisimani bila ndoo,
akasimama tu, akiangalia watu wanavyokosea.

Kuna jambo sikuwaandikia, betri haikuniruhusu:
mwezi, katika hesabu yangu, unaishia siku ya thelathini.
Nilipanga kuurekebisha siku yangu ya kwanza kazini.

Leo ni tarehe thelathini, Machi.
Simu nimeichaji.
Namba yangu wanayo.